Krapf: Aliyejifunza lugha za wenyeji bila kuitupa ya mamaye

JOHANN Ludwig Krapf hutajwa shuleni kama Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, kisha ukurasa hufunuliwa. Lakini mlima huo asingeusikia, sembuse kuuona, lau hangejinyima usingizi miaka mingi akijifunza lugha za watu.

Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, mwana wa mkulima. Nyumbani alilelewa kwa Kijerumani cha wanavijiji wa huko; shuleni akaongezewa Kilatini na Kigiriki. Baada ya masomo ya umishonari mjini Basel, alitumwa Ethiopia na chama cha wamishonari wa Kianglikana cha Uingereza. Huko alijifunza Kiamhari na lugha ya Waoromo, kabla ya milango ya Ethiopia kufungwa mbele yake.

Aliingia Zanzibar Januari 1844, akapewa barua ya idhini na Sayyid Said, na mwezi Mei akatua Mombasa. Julai mwaka huo huo homa ilimuua mkewe, Rosine, na binti yao mchanga. Waliwazika bara, ng'ambo ya kisiwa. Mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza kurudi kwao. Krapf alirudi kwenye madaftari yake. Tayari alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa.

Mwaka 1846, pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, alihamia Rabai. Hapo ndipo Ukamba ulipomjia. Misafara ya Wakamba ilishuka pwani na pembe za ndovu, na Krapf akaketi na wafanyabiashara hao akidondoa neno baada ya neno. Novemba 1849 alifunga safari mwenyewe hadi Kitui, nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa masafa marefu.

Kivoi alimweleza habari za mlima wenye weupe kileleni, na Krapf akaliandika jina kama alivyolisikia: Kima ja Kegnia. Kiima, kwa Kikamba, ni mlima. Desemba 3, 1849, mawingu yalipofunguka, aliuona. Wataalamu wa jiografia walioketi London walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Walikuwa na ramani. Hawakuwa na Kikamba.

Mwaka 1850 aliporudi Ulaya, alichapisha mjini Tübingen Injili ya Marko kwa Kikamba, sarufi ya Kiswahili na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwa na safu yake. Mtoto wa Zombe, mashariki mwa Kitui, ambaye leo huambiwa Kikamba ni cha nyumbani tu na hakina vitabu, hajaambiwa kuwa kilikuwa kimekwisha kupigwa chapa zaidi ya miaka 170 iliyopita.

Safari ya pili, 1851, nusura imle. Msafara wa Kivoi ulivamiwa karibu na mto Tana, na Kivoi akauawa. Krapf alibaki peke yake nyikani, akitembea usiku na kujificha mchana, maji yake ameyatia katika ala ya darubini na mitutu ya bunduki. Alipofika kwa jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo hicho, akalazimika kutoroka gizani. Hakuwa na mali ya kujikomboa wala jeshi la kumtetea. Alikuwa na maneno aliyofundishwa Rabai, basi.

Asitakaswe kupita kiasi. Aliwadharau wengi wa wenyeji wake kwa sababu ya dini zao, na aliposhikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu zilizozoeleka pwani, nia yake mojawapo ilikuwa kupunguza nguvu za Uislamu. Hata hivyo, miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati hiyo hiyo ya Kiarabu aliitafuta na kuituma Ujerumani, ukiwemo Utendi wa Tambuka. Kimvita alichokipenda nacho kilishindwa: Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928.

Wahenga walionya kuwa mwacha asili ni mtumwa. Krapf aliajiriwa na Waingereza na kuwaandikia ripoti kwa lugha yao, lakini kitabu kikubwa cha safari zake alikiandika kwa Kijerumani, mwaka 1858. Waingereza ndio waliosubiri tafsiri, iliyotoka 1860.

Afya ilimwondoa Afrika Mashariki mwaka 1853. Alirejea 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo Ribe, na 1867 akachukuliwa kuwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda Ethiopia, hadi maradhi yalipomrudisha tena. Waliobatizwa kwa mkono wake katika nchi hii walikuwa wachache mno.

Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, miongoni mwa watu wa lugha ya mamaye, macho yakififia, kamusi ya Kiswahili ikiwa mezani. Alifariki Novemba 26, 1881. Kamusi ilichapishwa London mwaka uliofuata.