Henry Moseley, kijana aliyeacha namba zinazopima koltani ya Kivu

GOMA – Pikipiki na malori yanayotoka upande wa Sake hupita Mugunga, kisha Keshero, kabla ya kuingia katikati ya mji. Njia hiyo ndiyo inayoleta pia mawe ya Masisi. Yakifika kwenye kontwari, mtu anashika kifaa chenye umbo la bastola, anakigusisha kwenye unga wa jiwe, anangoja kidogo, na namba zinatokea kwenye ekrani: tantali kiasi hiki, niobi kiasi hiki, bati, chuma. Bei inafuata namba hizo. Mchimbaji aliyeleta mfuko mara nyingi hana njia yoyote ya kuzipinga.

Nyuma ya bastola hiyo kuna kazi ya Mwingereza mmoja aliyeuawa vitani akiwa na miaka 27. Jina lake ni Henry Moseley.

Alizaliwa tarehe 23 Novemba 1887 huko Weymouth, kusini mwa Uingereza. Baba yake, mtaalamu wa viumbe, alikuwa amezunguka bahari za dunia na meli Challenger kati ya mwaka wa 1872 na 1876. Alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka minne, na mama, Amabel, ndiye aliyemlea. Kijana alisoma Eton, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 1906. Alipomaliza mwaka wa 1910 alipata daraja la pili. Wengi wangeishia hapo. Yeye alikwenda Manchester, kwenye laboratwari ya Ernest Rutherford, mtu ambaye mwaka uliofuata aliitangazia dunia kwamba atomu ina kiini.

Mwaka wa 1912 Wajerumani walionyesha kwamba mionzi ya X, ile inayotumika hospitalini mtu anapopigwa radio, inapinda ikipita ndani ya kristali. Moseley alitaka kuifanyia kazi mara moja. Rutherford alisita kwanza, kwa sababu hakuna mtu pale aliyekuwa na ujuzi wa kazi hiyo. Moseley akajifunza, akaanza pamoja na Charles Galton Darwin, mjukuu wa yule Darwin maarufu. Wenzake walimkumbuka kama mtu asiyejua kupumzika, ambaye alijua ni wapi mjini Manchester mtu anaweza kupata chakula saa tisa za usiku.

Swali alilotaka kulijibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa mwanasayansi kwa kazi. Antonius van den Broek alikuwa mwanasheria wa Uholanzi aliyependa fizikia kwa starehe yake. Wakati huo wataalamu walipanga elementi kufuata uzito wa atomu, na mahali pengine mpango huo ulileta matatizo. Van den Broek alipendekeza kwamba kinachohesabika si uzito bali namba ya nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na namba hiyo ndiyo chaji ya kiini. Lilikuwa wazo tu. Moseley aliamua kulipima.

Mtambo wake ungewashangaza wanaodhani kwamba sayansi kubwa inahitaji vifaa vya kifahari. Ndani ya bomba la kioo lisilo na hewa aliweka kitoroli kidogo juu ya reli, na juu ya kitoroli akapanga vipande vya metali mbalimbali. Alikivuta kutoka nje kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki, ili kila metali ipigwe na elektroni kwa zamu bila kufungua bomba. Mionzi iliyotoka ilipita kwenye mwanya mwembamba, ikagonga kristali, ikaacha mistari kwenye sahani ya picha. Kwa elementi nyepesi, hata hewa ya chumbani inatosha kuzuia mionzi hiyo, hivyo ilimbidi kuiondoa hewa hiyo pia.

Matokeo yalitoka Desemba 1913. Kila elementi ilikuwa na mistari yake, kama alama ya kidole. Alipochukua kipeuo cha pili cha masafa ya mionzi hiyo, namba zilipanda kama ngazi zenye hatua sawa, elementi moja baada ya nyingine. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, lakini mistari ilisema wazi: kobalti ni ya 27, nikeli ni ya 28. Shaba ikafuata na 29. Van den Broek alikuwa na haki.

Aprili 1914 orodha yake ilianzia alumini, namba 13, ikafika dhahabu, namba 79. Anayeisoma leo akiwa Goma anakuta karibu kila kitu kinachochimbwa kwenye milima ya Kivu: niobi 41, bati 50, tantali 73, wolframu 74, na dhahabu yenyewe. Kwa elementi nzito kama tantali alitumia kundi la pili la mistari, linaloitwa L. Mistari hiyo ndiyo mashine za kontwari zinayoitafuta hadi leo.

Mashine za leo zimeacha sahani ya picha, zinatumia detekteri ya silikoni. Zikichakaa, vipande vyake vinauzwa, na sehemu mbalimbali za dunia kuna watu wasio na laboratwari wanaovinunua kwenye intaneti na kuviunganisha nyumbani. Mkaaji wa Keshero anayevutwa na kazi hiyo ana sababu ya kuwa mwangalifu kuliko wengine. Detekteri za zamani zinahitaji azoti ya maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Kidirisha chake cha berili ni chembamba kuliko unywele, na kikitoboka pesa zimepotea. Kubwa zaidi: mstari mkuu wa tantali uko kwenye kilo-elektronivolti 8.15, na ule wa shaba uko kwenye 8.05. Hata detekteri nzuri haiwezi kuitenganisha vizuri mistari hiyo miwili. Iliyochoka inaweza kuyachanganya haya na wolframu pia, iliyo kwenye 8.40. Anayejua kazi hutazama mstari wa pili: tantali inao kwenye 9.34, shaba kwenye 8.90. Na chanzo cha mionzi si kitu cha kuchezea mbele ya watoto.

Moseley mwenyewe alifanya sehemu ya mwisho ya kazi yake bila mshahara. Mwishoni mwa 1913 aliacha nafasi yake Manchester, akarudi Oxford, akapewa mahali kwenye laboratwari ya mtu mwingine na kutumia vifaa vya kukopa. Ni pale ambapo mwaka wa 1914 alikuja Georges Urbain kutoka Paris, akileta unga wa elementi adimu alizozitenga kwa kazi ya miaka mingi. Alidai kwamba ndani yake kuna elementi mpya, celtium. Moseley alizipima kwa siku chache tu. Celtium haikuonekana. Inasemekana Mfaransa huyo aliondoka akiwa amestaajabu, bila kinyongo.

Agosti 1914 vita vilimkuta Australia, alikokwenda na mama yake kwenye mkutano wa wanasayansi. Alirudi haraka na kujiandikisha jeshini, katika kikosi cha mawasiliano. Rutherford na wengine walijaribu kumtafutia kazi ya sayansi nyumbani, bila mafanikio. Vita hivyo hivyo vilikuwa vimefika pia Ziwa Kivu, ambako Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi Septemba 1914.

Moseley alipelekwa Gallipoli, Uturuki. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 1915, wakati jeshi la Mustafa Kemal liliposhambulia, alikuwa kwenye simu akipeleka amri. Risasi ilimpiga kichwani.

Mwaka wa 1916 Tuzo ya Nobel ya fizikia haikutolewa kwa mtu yeyote, na wengi wanaamini ingekuwa yake. Nafasi alizoacha wazi kwenye orodha zilijazwa moja moja. Hafni, namba 72, ile ambayo Urbain alidhani ameipata, ilionekana Copenhagen mwaka wa 1923 kwa njia ile ile ya mionzi ya X. Reni, 75, ilipatikana 1925. Tekneti, 43, mwaka wa 1937. Na prometi, 61, mwaka wa 1945.

Katika wosia alioandika akiwa vitani, mali yake yote aliiachia Royal Society ya London kwa ajili ya utafiti wa majaribio, akikataza isitumiwe kwa kazi ya kuorodhesha tu. Kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa Helles, na vifaa vyake viko Oxford, kwenye jumba la makumbusho ya sayansi.