Kiko cha Gunzi cha Jemadari MacArthur

Mimi sivuti tumbaku wala simshauri mtu aivute, lakini kila nitazamapo picha za Jemadari Douglas MacArthur, jicho langu hukimbilia kiko chake. Ni cha gunzi la mahindi, kitu ambacho kwetu hutiwa motoni tu!

Bwana huyu alizaliwa Marekani mwaka 1880, mwana wa mwanajeshi. Viko vyake vilitoka jimbo la Missouri, katika mji wa Washington, ambako fundi Mholanzi, Henry Tibbe, alianza kuvikereza mwaka 1869. Gunzi hukaushwa mpaka likawa gumu, likatobolewa, kisha vitundu vya nje vikazibwa kwa plasta ili lisiungue upesi. Vile vya kawaida havikumtosha jemadari. Alitaka vya kuagiza, bakuli lake refu, na mrija wake mrefu pia.

Tarehe 30 Agosti 1945 alishuka kutoka ndege huko Atsugi, Japani, kiko mdomoni, bila bastola, na majeshi ya Wajapani yangali na silaha zao. Siku tatu baadaye akapokea kujisalimisha kwao ndani ya manowari iitwayo, ajabu, Missouri.

Alikuwa hodari, ila kiburi kilimzidi. Katika vita vya Korea alimpinga hadharani Rais Truman, naye Truman akamwachisha kazi mwezi wa Aprili 1951. Truman mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Missouri. MacArthur alifariki mwaka 1964.