William Tyndale: Mtu Aliyeuliza Imeandikwa Wapi

Jumapili iliyopita katika ibada ya pili nilihubiri kutoka Marko 7, pale Yesu anapowakabili Mafarisayo kuhusu korbani. Muda ulinibana, jina la William Tyndale nikalipitia mbiombio, na baadaye watu kadhaa walinifuata pale nje wakataka kujua huyo ni nani. Basi wiki hii nimeomba nafasi hii niandike habari zake. Nitaandika pia jambo moja langu mwenyewe ambalo sikulisema madhabahuni.

Kwanza korbani, kwa wale ambao hawakuwepo. Amri ya Mungu ni kuwaheshimu baba na mama, na kuwaheshimu ni pamoja na kuwalisha wakizeeka. Wazee wakatunga utaratibu: mtu akitamka kwamba mali yake ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi hana deni tena kwa wazazi. Angalia vizuri hapo. Hakuna aliyesimama akatangaza kwamba amri ya tano imefutwa. Ilibaki pale pale kwenye mbao za Musa. Ila mzee alilala njaa, na mwanawe akaenda hekaluni akiwa na amani kabisa.

Sasa Tyndale. Alizaliwa magharibi mwa Uingereza, katika jimbo la Gloucestershire, karibu mwaka 1494. Alisoma Oxford na kumaliza shahada yake ya pili mwaka 1515. Jambo lililomkera huko ni kwamba aliyetaka kuwa mwanatheolojia alijazwa mafundisho ya wanafalsafa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuyasoma Maandiko yenyewe. Na huyo ni msomi. Mkulima wa kawaida ndiye aliyekuwa gizani zaidi, kwa sababu Biblia kanisani ilikuwa ya Kilatini. Alisimama, akapiga magoti, akasema amina, akarudi shambani. Kanisa la Uingereza lilikuwa na sheria iliyotungwa Oxford zaidi ya miaka 100 nyuma, ikikataza kutafsiri Maandiko kwa Kiingereza bila kibali cha askofu. Haikuwa sheria ya mchezo. Tyndale akiwa kijana, mjini Coventry watu walichomwa moto, na mojawapo ya makosa waliyoshtakiwa ni kuwafundisha watoto wao Sala ya Bwana na Amri Kumi kwa Kiingereza. Amri Kumi! Yaani mtu ameuawa na kanisa kwa sababu mtoto wake amejua kwamba Mungu amekataza kuua.

Karibu mwaka 1522 Tyndale alipata kazi ya kufundisha watoto nyumbani kwa Sir John Walsh, mahali panapoitwa Little Sodbury. Tajiri huyo alipenda wageni, na wakuu wa kanisa na mapadri walikuja kula pale. Tyndale alikaa nao mezani, na kila walipotoa hoja aliwafungulia Maandiko na kuwauliza imeandikwa wapi. Baada ya muda wakaanza kupunguza kuja. Siku moja msomi mmoja, baada ya kubanwa sana, alifika mahali pa kusema kwamba ni afadhali wakose sheria ya Mungu kuliko kukosa sheria ya Papa. Tyndale akamjibu kwamba Mungu akimpa uhai, atafanya kijana anayelima kwa jembe la ng'ombe ayajue Maandiko kuliko huyo msomi.

Mara ya kwanza kusoma habari za huyo msomi nilicheka. Halafu kicheko kikakatika.

Miaka michache iliyopita, kabla sijaja hapa, nilitumika katika kanisa lingine kama mweka hazina msaidizi. Nilikuwa nimetoka tu chuoni na shahada ya biashara, na kila tatizo nililiona ni la hesabu. Tulikuwa tunajenga, na ahadi za harambee zilikuwa zinachelewa. Nikaketi na kompyuta, nikatunga fomu ya ukurasa mmoja: mzazi anayetaka mtoto wake awekwe wakfu aambatishe risiti kuonyesha kwamba hana deni la ahadi ya jengo. Wazee waliipitisha kwa dakika kumi hivi. Na pesa iliingia, sidanganyi.

Mwezi wa tatu akaja mama mmoja na mtoto mchanga. Deni lake lilikuwa shilingi 1,500. Akaniuliza, kwa upole tu, sharti hilo limeandikwa wapi. Nikamwonyesha fomu. Kidole changu nilikiweka pale chini penye muhuri wa kanisa. Akaitazama kidogo, akanishukuru, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda. Marko 10 nilikuwa nimeihubiri mara nyingi, ile habari ya wanafunzi waliowazuia watoto wadogo na Yesu akakasirika. Sikujua mimi ni nani katika habari ile.

Sisi Wapentekoste tunapenda kudhani mapokeo ni shida ya makanisa mengine yenye kanzu na mishumaa. Wala sisemi haya kuwashambulia ndugu zetu Wakatoliki, ambao leo wanasoma Biblia kwa Kiswahili kama sisi. Na sisemi kila utaratibu ni mbaya. Ibada ya kwanza kuanza saa mbili hakuko popote katika Biblia, na sare ya kwaya vilevile, lakini hakuna anayezuiwa kumfikia Mungu na sare. Shida ni pale utaratibu wetu unaposimama mlangoni mbele ya amri ya Mungu na kuanza kudai tiketi.

Turudi kwa Tyndale. Mwaka 1523 alikwenda London kumwomba askofu Cuthbert Tunstall amfadhili atafsiri Agano Jipya. Alitaka kufuata njia halali, msisahau hilo. Askofu akamjibu kwamba nyumba yake imejaa. Mfanyabiashara wa nguo, Humphrey Monmouth, ndiye aliyempa chumba na chakula. Mwaka 1524 akavuka bahari kwenda Ujerumani, na Uingereza hakuiona tena.

Mwaka 1525 uchapishaji ulianza mjini Cologne, lakini mafundi wa kiwanda wakalewa, wakaropoka, habari zikamfikia adui. Tyndale akakusanya karatasi zake akakimbia kwa mashua kupanda mto Rhine hadi Worms, na huko Agano Jipya likakamilika mwaka 1526. Lilitafsiriwa kutoka Kigiriki chenyewe, likaingia Uingereza likiwa limefichwa ndani ya marobota ya nguo.

Lililowaudhi wakubwa zaidi ni maneno machache tu. Pale ambapo kwa Kilatini walizoea kusikia agizo la kufanya kitubio, Tyndale alitazama Kigiriki akaandika tubuni. Palipozoeleka padri akaandika mzee. Palipozoeleka kanisa, akaweka neno la kusanyiko la waamini. Ukisoma haraka utadhani ni ugomvi wa walimu wa lugha. Lakini kitubio kilikuwa na padri wake, na utaratibu wake, na mara nyingi malipo yake. Toba haina keshia. Mtu aliyesoma biashara analiona hilo upesi: ukibadilisha neno moja, mfumo mzima wa mapato unatikisika. Thomas More, mmoja wa wasomi wakubwa wa Uingereza, alijaza vitabu akimpinga kwa ajili ya maneno kama hayo.

Tunstall akaanza kuyachoma Maagano hayo London. Halafu akapata wazo la kuyanunua yote kule yanakotoka. Mwanahistoria wa wakati ule, Edward Hall, anaeleza kwamba askofu alimtumia mfanyabiashara Augustine Packington, naye Packington alikuwa rafiki wa Tyndale. Tyndale alikubali kuuza. Alikuwa na madeni, na alijua tafsiri ya kwanza ina makosa anayotaka kuyasahihisha. Kwa hiyo askofu alipata vitabu vya kuchoma, na Tyndale akapata mtaji wa toleo bora zaidi. Katika miaka yangu yote ya kusomea biashara sikufundishwa mfano mzuri kama huo. Nakala za mwaka 1526 zinazojulikana leo ni 3 tu, na moja ilinunuliwa na Maktaba ya Uingereza mwaka 1994 kwa zaidi ya pauni milioni 1.

Alijifunza Kiebrania, akatoa vitabu vitano vya Musa mwaka 1530, na Agano Jipya lililosahihishwa mwaka 1534. Wakati huo aliishi Antwerp katika nyumba ya wafanyabiashara Waingereza, na siku mbili katika juma aliziacha kwa ajili ya kuwatembelea wakimbizi na maskini. Akaja kijana aitwaye Henry Phillips, mwenye tabia nzuri usoni. Mei 1535, asubuhi ileile aliyokuwa amepanga kumsaliti, Phillips alimwomba Tyndale mkopo wa shilingi 40, akapewa. Kisha akamtoa nje kupitia kichochoro chembamba na kumwonyesha askari kwa kidole.

Alifungwa katika ngome ya Vilvoorde zaidi ya mwaka mmoja. Ipo barua yake ya Kilatini kutoka gerezani. Anaomba kofia ya joto kwa sababu mafua yanamsumbua, koti, kitambaa cha kuweka viraka, na taa, maana kukaa gizani peke yake kunachosha. Zaidi ya vyote anaomba Biblia ya Kiebrania, sarufi na kamusi. Agano la Kale alikuwa hajalimaliza.

Oktoba 1536 alinyongwa, kisha mwili ukachomwa. Ombi lake la mwisho lilikuwa Bwana ayafumbue macho ya mfalme wa Uingereza. Mwaka uliofuata mfalme yuleyule, Henry wa 8, aliruhusu Biblia ya Kiingereza iuzwe, na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Tyndale. Kufikia 1539 Biblia Kubwa ilikuwa imechapishwa ili iwekwe makanisani, mahali ambapo mtu yeyote wa parokia angeweza kuisoma.

Yule mama nimemtafuta. Namba aliyoiandika kwenye fomu haipatikani, na majirani wanasema alihama. Mtoto sasa atakuwa ameanza shule.

Kuweka watoto wakfu ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, ibada ya pili. Wazazi mnionee pale mbele kabla ya saa tano. Hakuna fomu. Mje na mtoto.