Spinoza na swali la taifa teule

Je, Mungu wa Biblia ana upendeleo? Baruch Spinoza alilikabili swali hilo akiwa ndani ya nyumba yenyewe. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1632, katika familia ya Mayahudi wa Ureno waliokimbia mateso ya mahakama za Kanisa Katoliki, akaisoma Taurati kwa Kiebrania tangu utotoni. Julai 27, 1656, akiwa na miaka 23 tu, wazee wa sinagogi walimlaani na kumtenga. Ikawa marufuku kusema naye au kusoma alichoandika. Akajipatia riziki kwa kusugua vioo vya miwani na darubini.

Mwaka 1670 akatoa kitabu bila kuweka jina lake. Kumbukumbu la Torati inasema Waisraeli waliteuliwa juu ya mataifa yote. Kwa lipi? Kwa dola yao na usalama wake tu, alijibu, na dola ilipoanguka uteule ukaisha nayo. Kwa akili na wema hawakumzidi mtu. Ushahidi, ndugu msomaji, aliutoa humo humo katika Biblia: Melkizedeki, Ayubu na Balaamu hawakuwa Waisraeli, na Mungu walimjua.

Muislamu hatakubaliana naye katika mengi, hasa alipokanusha miujiza. Lakini hapa aligusa penyewe. Ungedhani Wakristo wangemshangilia; wapi! Makalvini wa Uholanzi nao walijihesabu wateule tangu kabla ya ulimwengu kuumbwa. Mwaka 1674 kitabu kikapigwa marufuku.

Alifariki The Hague mwaka 1677, akiwa na miaka 44, laana ya sinagogi ikiwa bado haijafutwa.