Barbette, kijana wa Texas aliyevaa kanzu na kuitawala Paris baada ya vita

Katika miaka ya 1920, watu wa Paris walijaa katika kumbi kubwa za michezo ili kumtazama mwanamke mmoja akiruka juu ya bembea, mbali na ardhi. Mchezo ulipoisha na makofi kuanza, mwanamke huyo alivua nywele zake kichwani. Zilikuwa nywele za bandia, na aliyezivaa alikuwa mwanaume.

Jina lake la jukwaani lilikuwa Barbette. Jina lake la kuzaliwa ni Vander Clyde. Alifariki tarehe 5 mwezi wa nane mwaka 1973 huko Austin, katika jimbo la Texas, Marekani. Kati ya mashamba ya pamba alikokulia na kifo hicho, alipata sifa ambayo wachezaji wachache wa sarakasi waliwahi kuipata, kisha akaishi miaka zaidi ya 30 bila kuweza tena kufanya kazi iliyomletea sifa hiyo.

Waya wa kuanikia nguo

Vander Clyde alikulia Round Rock, mji mdogo karibu na Austin. Alipokuwa bado mtoto, mama yake alimpeleka kutazama sarakasi. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Nyumbani alipanda juu ya waya ambao mama yake alianikia nguo, akajifunza kutembea juu yake bila kuanguka. Wakati wa mavuno aliingia mashambani kuvuna pamba, na pesa aliyolipwa aliitumia kwenda kutazama sarakasi kila ilipopita.

Alimaliza masomo mapema, akiwa na miaka 14 tu. Kisha akaona tangazo la kazi katika gazeti la watu wa michezo. Huko San Antonio kulikuwa dada wawili waliojulikana kama Alfaretta, wachezaji wa angani. Mmoja wao alikuwa amefariki, na aliyebaki alitafuta mtu wa kujaza nafasi yake.

Kijana alikubaliwa, ila kwa sharti moja. Mwenye kazi alimweleza kwamba mchezo wa angani unawashtua watu zaidi wanapoamini kwamba anayeruka ni mwanamke. Basi ilibidi avae kike. Alikubali bila shida. Kwa hiyo kanzu ilianza kama nguo ya kazi, kabla ya kuwa sehemu ya jina lake.

Baadaye aliingia katika kundi lingine, ambako wachezaji watatu walininginia kwa meno kwenye mtambo unaozunguka, wakiwa na mabawa ya kipepeo mgongoni. Mwaka 1919, mwaka mmoja baada ya vita ya kwanza ya dunia kumalizika, alisimama peke yake jukwaani kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa Harlem Opera House, New York. Ndipo jina Barbette lilipoanza kujulikana.

Paris iliyotoka vitani

Mwaka 1923 alivuka bahari na kufika Ulaya. Alianza Uingereza, kisha akaenda Paris, kwenye ukumbi wa Alhambra. Inchi ya Ufaransa ilikuwa imepoteza wanajeshi zaidi ya milioni moja. Wanawake walikuwa wamefanya kazi katika viwanda vya silaha kwa miaka minne, na vita ilipoisha wengi hawakutaka kurudi katika maisha ya zamani.

Mavazi yalibadilika pamoja nao. Wanawake walikata nywele fupi, waliacha mikanda ya kukaza kiuno, walivaa kanzu zilizonyooka kama za wavulana. Fundi wa mavazi Gabrielle Chanel alikuwa mmoja wa waliopata jina wakati huo. Mwandishi Victor Margueritte alitoa kitabu juu ya msichana wa namna hiyo mwaka 1922, na kwa sababu ya kelele iliyofuata, serikali ilimnyang'anya nishani yake ya heshima.

Wanaume waliovaa kike nao hawakuwa kitu kigeni. Wakati wa vita, wanajeshi mbali na wake zao walicheza michezo ya kuigiza kambini, na mmoja wao alichukua nafasi ya mwanamke. Baada ya vita, ukumbi wa Magic City huko Paris ulijulikana kwa dansi za usiku ambazo wanaume walihudhuria wakiwa wamevaa kanzu na vito, hadi zilipokatazwa mwaka 1934.

Barbette aliingia katikati ya mabadiliko hayo. Wakati wanawake wa mtaani walikuwa wanapunguza nguo, yeye alitokea jukwaani na kanzu ndefu iliyojaa manyoya ya mbuni. Kabla ya vita, manyoya hayo yalikuwa yametajirisha wafugaji wa Afrika Kusini, na biashara hiyo ilianguka mwaka 1914. Wanawake waliacha kofia zenye manyoya, lakini jukwaa liliendelea kuyapenda.

Mchezo ulivyokuwa

Barbette alishuka ngazi polepole, muziki wa Wagner au wa Rimsky-Korsakov ukipigwa. Alivua kanzu yake nzito na kubaki na vazi jepesi. Kisha alipanda kwenye waya, akahamia kwenye pete, akamalizia kwenye bembea. Kuna wakati alijiachia kana kwamba anaanguka, watu wakapiga kelele, na papo hapo akajishika kwa mguu mmoja.

Nguvu ya kazi hiyo ilikuwa ya mwanasarakasi kamili. Ulaini wa mikono, namna ya kutembea na poda usoni vilikuwa vya mwigizaji. Alitumia saa nyingi kujitayarisha kabla ya kutoka, kwani alijua kwamba kosa moja dogo la mkono au la shingo lingeharibu yote.

Mwisho ndio uliowachanganya watu. Alipovua nywele za bandia, alitanua mabega, akakaza misuli na kutembea kama mpiganaji wa mieleka. Waliokuwa wamemtamani dakika chache kabla walibaki wakicheka, wengine wakiona haya.

Macho ya Jean Cocteau

Mshairi Jean Cocteau alimwona mwaka 1923 na kuwaandikia rafiki zake wasikose kwenda kumtazama. Mwaka 1926 alichapisha maandiko marefu juu ya Barbette katika jarida la Nouvelle Revue Française. Hakumsifu kwa sababu ya ajabu ya mwanaume kuvaa kike. Alimchukua kama mfano wa msanii anayejua kila kipande cha kazi yake. Kwa maoni ya Cocteau, hata mabega na misuli ya mwisho vilikuwa mchezo: Barbette alikuwa anaigiza mwanaume kama alivyokuwa ameigiza mwanamke.

Cocteau alimwomba mpiga picha Man Ray ampige picha Barbette akijitayarisha. Picha hizo zinamwonyesha akiwa katikati ya safari, mwili wa mwanaume na uso ambao tayari ni wa mwanamke. Mwaka 1930 Cocteau alimweka pia katika filme yake ya kwanza, Damu ya Mshairi. Matajiri waliokuwa wamepigwa filme wakishangilia kutoka kwenye viti vya heshima walikasirika walipogundua kwamba katika filme wanaonekana wakishangilia kifo cha mtu anayejiua. Walikataa sura zao zionekane. Barbette na watu wengine walikaa mahali pao.

Mlango wa Uingereza wafungwa

Si kila mahali alipokelewa hivyo. Ufaransa ilikuwa imeacha kuwaadhibu wanaume wanaopendana tangu mwaka 1791. Uingereza, sheria ilibaki kali hadi mwaka 1967. Alipokuwa anacheza London, katika ukumbi wa Palladium, alikutwa na mwanaume mwingine. Mkataba wake ulivunjwa, na hakupata tena ruhusa ya kufanya kazi katika inchi hiyo.

Kanzu yake jukwaani haikumletea matatizo yoyote London. Watu walilipa pesa kuiona. Kilichomfungia mlango ni maisha yake nje ya jukwaa.

Mwili wakataa

Mwaka 1935 alikuwa New York, katika mchezo mkubwa wa sarakasi na muziki ulioitwa Jumbo. Lakini muda wake ulikuwa unaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930, ugonjwa mkali ulimshambulia na kumkazia viungo. Alilazwa hospitalini muda mrefu, akapasuliwa, na ikabidi ajifunze kutembea upya. Mtu aliyekuwa amejifunza kutembea juu ya waya tangu utoto sasa alijifunza kutembea sakafuni.

Hakurudi tena angani. Alichobaki nacho ni ujuzi, na huo aliugawa. Kwa miaka mingi alifundisha wachezaji wa angani wa sarakasi kubwa za Marekani, hasa wasichana, na kupanga michezo yao. Mwaka 1946 alitayarisha sehemu ya sarakasi katika mchezo wa Orson Welles jijini New York. Alifanya kazi pia kwenye filme juu ya sarakasi.

Kazi yake iliyoonwa na watu wengi zaidi haina sura yake hata kidogo. Katika filme Some Like It Hot ya mwaka 1959, Tony Curtis na Jack Lemmon wanacheza wanamuziki wawili wanaojificha kwa kuvaa kike. Barbette ndiye aliyeitwa kuwafundisha. Watu duniani kote walicheka bila kujua kwamba nyuma ya viatu vile virefu kulikuwa mzee mmoja wa Texas.

Miaka ya mwisho aliishi Texas, karibu na ndugu zake, na maumivu ya mwili hayakumwachia. Mwaka 1973 alijitoa uhai kwa kumeza dawa kupita kiasi.

Nguo zake za manyoya ziliisha, na wachache sana wamebaki duniani walioona mchezo wake kwa macho. Zimebaki picha za Man Ray, maandiko ya Cocteau na dakika chache za filme. Yamebaki pia yale aliyoyaweka katika miili ya wanafunzi wake: namna ya kunyoosha mguu, ya kugeuza mkono, na ya kuwafanya watu walioko chini wasione jasho la anayening'inia juu.