Wasifu wa Émile Baudot

KABLA YA KUSOMA

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine. Husimuliwa katika nafsi ya tatu na aghalabu hufuata mpangilio wa wakati: kuzaliwa, masomo, kazi, changamoto, mchango na kifo. Usiuchanganye na tawasifu, ambayo mtu hujiandikia mwenyewe. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuorodhesha tarehe tu. Wasifu mzuri humwonyesha msomaji kwa nini mhusika anastahili kukumbukwa.

Nimemchagua Baudot kwa sababu ya jambo lililotokea katika chumba cha tarakilishi. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne alikuwa akitumia mfumo wa Linux. Alifungua dirisha la amri, akaandika neno sort, kisha akaanza kuingiza majina ya wenzake ili mashine iyapange kialfabeti. Alipofika jina la arobaini na tatu alibonyeza Enter na kungoja. Kimya. Akabonyeza tena na tena, lakini kishale kilizidi kushuka tu. Akadhani mashine imekwama. Akabonyeza Ctrl na C kwa pamoja, na majina yote yakapotea.

Mashine haikuwa imekwama. Ilikuwa ikingoja kuambiwa kwamba orodha imeisha, naye hakujua namna ya kuiambia. Chanzo cha jibu alilolihitaji ni kazi ya Mfaransa aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Soma wasifu wake, kisha ujibu maswali yanayofuata.

WASIFU

Jean-Maurice-Émile Baudot alizaliwa tarehe 11 Septemba 1845 katika kijiji cha Magneux, eneo la Haute-Marne, mashariki mwa Ufaransa. Babake alikuwa mkulima. Elimu rasmi aliyoipata Émile ilikuwa ya shule ya msingi ya kijijini peke yake. Hakuingia shule ya upili wala chuo kikuu. Alipomaliza masomo hayo machache alirudi shambani kumsaidia babake, na huko ndiko ujana wake ulikopitia.

Mwaka wa 1869 aliacha jembe na kujiunga na idara ya posta na telegrafu ya Ufaransa kama mwanagenzi. Telegrafu ilikuwa njia ya kupeleka ujumbe kwa umeme kupitia waya, kabla simu ya sauti haijavumbuliwa. Baudot alifunzwa kwanza mtambo wa Morse, unaotumia nukta na vistari. Baadaye alipelekwa kwa mafunzo ya miezi minne kuhusu mtambo wa Hughes, uliokuwa na kibodi kama ya piano na uliochapa herufi zenyewe kwenye karatasi. Vita kati ya Ufaransa na Prusia vilipozuka mwaka wa 1870, alihudumu jeshini kwa muda mfupi. Kufikia mwaka wa 1872 alikuwa amerudi kazini jijini Paris.

Akiwa kazini alitambua kasoro mbili. Kwanza, katika mfumo wa Morse herufi hazilingani kwa urefu. Herufi E ni nukta moja tu, ilhali Q ina alama nne. Sikio la binadamu lililozoezwa liliweza kuzitofautisha, lakini mashine ilitatizika kujua herufi moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Pili, waya wa telegrafu ulikuwa ghali, na bado ulikaa bure kwa muda mwingi, kwa kuwa mtumaji mmoja hakuweza kubonyeza upesi kiasi cha kuujaza. Wakuu wake walimhimiza atafute suluhisho, ila afanye hivyo katika muda wake mwenyewe. Kwa hivyo alivumbua baada ya saa za kazi, na hali mwili wake haukuwa na nguvu. Maradhi yaliyomwanza mapema katika utumishi wake yalimfanya akose kazi mara kwa mara, na hayakumwacha hadi mwisho wa maisha yake.

Suluhisho lake kwa kasoro ya kwanza lilikuwa kuzipa herufi zote urefu sawa. Kila herufi iliundwa kwa nafasi tano, na kila nafasi ilikuwa na umeme au haikuwa nao. Ukizidisha 2 × 2 × 2 × 2 × 2, unapata michanganyiko 32. Mashine haikuhitaji tena kukisia. Ilihesabu tano, ikachapa herufi, ikaanza upya.

Kasoro ya pili aliitatua kwa zamu. Alitumia kifaa kilichozunguka kama mkono wa saa, kimoja katika kila mwisho wa waya, vyote viwili vikienda kwa mwendo mmoja. Kila kilipozunguka, kilimpa kila mtumaji nafasi yake fupi ya kuutumia waya, jinsi wanakijiji wanavyopokezana bomba moja la maji bila kugombana. Hivyo watu kadhaa waliweza kutuma jumbe zao kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja.

Kibodi yake ilikuwa na vitufe vitano tu. Mtumaji alitumia vidole viwili vya mkono wa kushoto na vitatu vya mkono wa kulia. Zamu yake ilipofika, mtambo ulitoa mlio mdogo wa kumjulisha kwamba vitufe vimefunguka. Alipaswa kubonyeza kwa kufuata mdundo huo bila kuuacha. Akichelewa, nafasi ilimpita. Aliyeuzoea mdundo alituma takriban maneno 30 kwa dakika.

Hata hivyo, kulikuwa na tatizo jingine, na namna Baudot alivyolitatua ndiyo inayotuhusu zaidi. Michanganyiko 32 haitoshi kubeba herufi zote, tarakimu zote na alama za uakifishaji. Baudot alitenga michanganyiko miwili isiyochapa herufi yoyote. Mmoja uliuambia mtambo wa upande wa pili kwamba yanayofuata ni herufi. Mwingine uliuambia kwamba yanayofuata ni tarakimu na alama. Mchanganyiko uleule ukawa na maana mbili, kutegemea amri iliyotangulia. Hii ina maana kwamba si kila kitufe kinachobonyezwa huandika. Vingine huiambia mashine namna ya kuyapokea yanayoandikwa. Mtumaji aliyesahau amri hiyo alisababisha tarakimu zichapwe mahali pa herufi, na mpokeaji akabaki na karatasi isiyosomeka ingawa mtambo ulikuwa mzima kabisa.

Baudot alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwezi wa Juni mwaka wa 1874. Mwaka uliofuata idara ya telegrafu iliukubali mtambo wake, na mnamo Novemba 1877 ukajaribiwa kati ya Paris na Bordeaux. Katika Maonyesho ya Kimataifa ya Paris ya mwaka wa 1878 alitunukiwa medali ya dhahabu. Alipandishwa cheo mwaka wa 1880, na mwaka wa 1882 akafanywa mhandisi mkaguzi, cheo kikubwa kwa mtu asiyekuwa na shahada.

Mafanikio hayo hayakukosa miiba. Mfanyakazi mwenzake wa telegrafu, Louis Victor Mimault, ambaye naye alikuwa amebuni mtambo wa alama tano, alimshtaki mwaka wa 1877 akidai kwamba wazo hilo lilikuwa lake kwanza. Mahakama ilimpa Mimault ushindi mwanzoni, lakini baadaye uamuzi huo ukabatilishwa na Mimault akaagizwa kulipa gharama za kesi. Nyumbani nako huzuni ilibisha hodi. Baudot alioa Januari 1890, na mwezi wa Aprili mwaka uo huo mkewe akafariki. Mnamo Agosti mwaka huohuo alikuwa amerejea kwenye nyaya zake, akiunganisha Paris, Vannes na Lorient kwa waya mmoja. Mwaka wa 1894 aliunganisha soko la hisa la Paris na lile la Milan, Italia.

Émile Baudot alifariki tarehe 28 Machi 1903 mjini Sceaux, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 57.

Kazi yake haikufa naye. Mwaka wa 1901 Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa ameupanga upya mfumo huo ili utumike na kibodi kama ya taipureta. Murray aliongeza amri nyingine zisizochapa herufi, kama vile kurudi mwanzo wa mstari na kushuka mstari mpya. Kipimo cha kasi ya mawasiliano kikaitwa baud kwa heshima ya Baudot. Mwaka wa 1963 Marekani ilitoa mfumo wa ASCII, wenye nafasi saba badala ya tano, na hivyo michanganyiko 128. Humo pia kuna michanganyiko iliyotengwa kwa ajili ya amri. Mchanganyiko nambari 4 maana yake ni mwisho wa utumaji.

Mfumo wa Unix ulipoanza kuundwa mwaka wa 1969 katika maabara ya Bell, Marekani, watumiaji wake waliandika kwa mitambo ya teletaipu, ambayo ni vitukuu vya mtambo wa Baudot. Unix iliichukua ile amri nambari 4 iwe ishara ya kwamba mwandishi amemaliza. Katika kibodi hupatikana kwa kubonyeza Ctrl pamoja na D, kwa kuwa D ni herufi ya nne ya alfabeti. Linux imeurithi utaratibu huo.

Hapa ndipo penye jibu la yule mwanafunzi. Amri ya sort haiwezi kupanga orodha kabla haijajua kwamba orodha imeisha, kwa kuwa jina la mwisho kuandikwa huenda ndilo linalostahili kuwa la kwanza. Enter humaliza mstari mmoja tu, haimalizi orodha. Baada ya jina la mwisho alipaswa kubonyeza Enter, kisha Ctrl na D kwenye mstari mtupu. Mtu akibonyeza Ctrl na D katikati ya mstari, mfumo hupeleka herufi zilizokuwa zikingoja na kuendelea kusikiliza, ndipo akalazimika kubonyeza mara ya pili. Programu hutambua mwisho pale inapoomba maandishi na kupewa herufi sifuri. Ishara yenyewe haiandikwi popote katika orodha, kama zilivyokuwa zile amri mbili za Baudot.

Ctrl na C ni jambo tofauti kabisa. Hiyo huikatiza programu kabla haijamaliza kazi. Ctrl na Z katika Linux huisimamisha programu kwa muda, na neno fg huirejesha. Katika dirisha la amri la Windows, mwisho wa maandishi huonyeshwa kwa Ctrl na Z, kisha Enter. Tahadhari nyingine ni kwamba ukibonyeza Ctrl na D pale Linux inapongoja amri mpya, hakuna programu yoyote inayosoma. Mfumo huelewa kwamba umemaliza kutoa amri, na dirisha hujifunga.

Kijana wa Magneux hakuwahi kuiona tarakilishi. Hata hivyo, alielewa kwamba mashine haijui nia ya mtu: itajua tu kile inachoambiwa kwa ishara ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Kila mara tunapobonyeza kitufe kisichoandika herufi, tunatumia wazo la mtoto wa mkulima aliyeishia shule ya msingi.

MASWALI

1. Taja mambo mawili katika maisha ya Baudot ambayo yangeweza kumzuia kufaulu. (alama 2)

2. Eleza kasoro mbili za telegrafu alizozitambua Baudot na namna alivyozitatua. (alama 4)

3. Kwa nini Baudot alitenga michanganyiko miwili isiyochapa herufi? (alama 2)

4. Mwanafunzi anayetajwa katika utangulizi alikosea wapi? Angefanya nini ili aokoe orodha yake? (alama 3)

5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa katika wasifu: (alama 2)
(a) mwanagenzi
(b) kubatilishwa

6. Andika wasifu wa mtu yeyote aliyefariki ambaye kazi yake bado inatumika katika jamii yako. (alama 20)

VIDOKEZO VYA MAJIBU

Katika swali la 2, usitaje kasoro bila suluhisho lake, kwani kila jozi ina alama mbili. Katika swali la 4, kuandika kwamba mashine ilikuwa mbovu ni kosa. Onyesha kwamba ilikuwa ikingoja ishara ya mwisho, kisha utaje hatua kwa mpangilio: Enter, halafu Ctrl na D kwenye mstari mtupu. Katika swali la 6, chagua mchango mmoja wa mhusika wako na uueleze kwa kina badala ya kutaja mingi kijuujuu. Kumbuka kudumisha nafsi ya tatu hadi mwisho.