Bonganga wa Yakusu: Maisha ya Dr Stanley Browne



Mara hii tunawaletea maisha ya munganga mmoja aliyefanya kazi katika nchi yetu, kule chini kwenye mto unaoanzia kwetu Katanga. Tumemchagua kwa sababu neno mkoma tunalisikia bado uwanjani, mtu akitaka kumtukana mwenzake. Anayelisema asome kwanza habari hii.

Stanley Browne alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1907. Alipofika miaka 15 aliacha shule, akawa karani mdogo katika ofisi ya mji. Mchana kazi, jioni masomo. Kwa bidii hiyo akapata kulipiwa masomo ya uganga, akayamaliza mwaka 1933. Kisha akaenda Antwerp, Ubelgiji, kujifunza magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1936 misioni ya Wabaptisti ikamtuma Yakusu, karibu na Kisangani, ambayo wakati ule iliitwa Stanleyville. Watu wa kule wakamwita Bonganga, sawa vile sisi tunavyosema munganga.

Bonganga hakukaa lopitali kungoja wagonjwa. Alikwenda mwenyewe vijijini, watu wakapimwa mmoja mmoja, na huko ndiko alikoona ukoma ulivyoenea. Peke yake asingeweza. Kazi ya kila siku vijijini ilikuwa mikononi mwa wauguzi Wakongomani waliofundishwa Yakusu. Jambo hili tusilipite haraka: ugonjwa ulishindwa na vijana wa nchi waliosoma vizuri.

Ng'ambo ya mto, pahali panapoitwa Yalisombo, palikuwa na kijiji cha wenye ukoma. Mwanzoni dawa ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, ya kupigwa sindano. Yaliumiza sana na faida yake ilikuwa ndogo. Baada ya vita kuu ya pili kikaja kidonge cha dapsone, na watu waliokata tamaa wakaanza kupona.

Mwaka 1959 Browne aliondoka Congo, akaenda Uzuakoli, Nigeria. Kule alijaribu dawa mpya, ambayo leo inaitwa clofazimine, na mwaka 1962 akatangaza kwamba inasaidia wagonjwa wa ukoma. Kuanzia 1966 aliongoza kituo cha uchunguzi wa ukoma London, akafundisha waganga wa nchi nyingi. Alikufa mwaka 1986.

Kazi yake haikufa naye. Vijidudu vya ukoma vilikuwa vimezoea dapsone, basi mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa zitumiwe kwa pamoja. Katika dawa tatu zinazotolewa leo, moja ni ile clofazimine.

Browne aliandika pia kitabu kidogo juu ya ukoma katika Biblia. Alionyesha kwamba neno la Kiebrania lililotafsiriwa ukoma lilihusu mambo mengi ya ngozi, tena hata madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Kwa hiyo anayeshika Mambo ya Walawi 13 ili amfukuze jirani yake hajasoma sawasawa. Na Bwana wetu alimgusa mwenye ukoma.

Kuko wengine wanaosema ukoma ni laana au uchawi. Hapana. Tangu 1873 Dr Hansen wa Norway alionyesha kijidudu chake. Hauambukizi kwa kusalimiana mkono. Unapita kwa kukaa karibu muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa, na watu wengi mwili wao unaushinda wenyewe. Unajificha miaka mingi, kisha doa linatokea, la rangi hafifu au jekundu, pasipo kusikia kitu ukiligusa. Hapo ndipo hatari ilipo: haliumi, basi mtu analificha chini ya shati. Akichelewa, mishipa ya fahamu inaharibika, na vidole vilivyokunjika dawa haivinyoshi. Akiwahi, anameza dawa miezi 6 au 12, bure, na anapona bila kilema.

Kila mwaka katika Congo yetu wagonjwa wapya wanapatikana bado. Kwa hiyo, ndugu, mwenye doa lisilosikia asingoje likizo. Aende kituo cha afya wiki hii. Akiogopa kwenda peke yake, aje kwetu wasimamizi, tutamsindikiza, na hatutamwambia mtu.